Kengele ya Tatu

Kila mtu katika kundi lile la simu alijua kwamba kengele ya tatu haina rufaa. Ya kwanza ilikuwa onyo, ya pili aibu, na ya tatu ilikuonyesha mlango. Mtu angeleta siasa kundini, na kabla hajamaliza kuyachekelea maneno yake mwenyewe, picha ndogo ya kengele ingetokea chini yake, kavu, bila salamu. Basi watu wazima wenye mvi na vitambi wangenyamaza kama walivyonyamaza enzi zile sare zao zilipokuwa na madoa ya wino.

Aliyekuwa akiituma picha hiyo ni fundi friji mwenye karakana nyuma ya soko. Shuleni alikuwa mpiga kengele, na tangu hapo hakuna mwenzake aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Kengele darasani, akawa Kengele siku ya harusi yake, na bila shaka atakuwa Kengele hata kaburini. Hakuchukia. Mtu ambaye hakuwahi kuwa wa kwanza kwa hesabu wala kwa mbio hukishika kwa mikono miwili kile kimoja alichokabidhiwa.

Tumtendee haki: sheria yake haikuanza kwa hila. Uchaguzi uliopita, wanachama wawili waliokuwa wakiketi dawati moja walitukanana kundini kwa ajili ya vyama vyao, wakafika mpaka kutukaniana wazazi. Mama wa mmoja alipofariki, yule mwingine hakwenda kuzika. Jambo hilo liliwauma wote. Kengele ndiye aliyependekeza kwamba hapa tuzungumze ya shule, ya misiba, ya harusi na ya watoto, na siasa zibaki huko huko zilikozaliwa. Watu wakaitikia, wakamfanya msimamizi. Lakini sheria nzuri ikikaa mikononi mwa mtu mwenye kidonda, baada ya muda huanza kunuka kidonda.

Na kidonda cha Kengele kilikuwa na cheo. Zamani kiliitwa Kiranja Mkuu. Siku hizi kiliitwa Mheshimiwa Diwani.

*

Zamani hizo, kila Ijumaa mchana, shule nzima ilikusanyika bwaloni kwa mdahalo. Kiranja Mkuu alikuwa msemaji wa kwanza. Msemaji wa pili alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, ambaye akisimama hata wapishi walitoka jikoni kumsikiliza. Kengele aliketi mbele yao, saa mkononi na kengele mezani, kazi yake ikiwa kuwakata kauli wenye maneno. Kiranja alimkata kwa wakati, na mara nyingine kabla ya wakati. Msichana yule alikuwa akimwongezea. Aliitazama saa, akaona muda umekwisha, akajifanya anakuna sikio.

Msichana yule sasa alikuwa mke wake. Alishona sare za shule ile ile, katika chumba kimoja kati ya vile vilivyojengwa kando ya ukuta wa uwanja wa michezo, mlango ukitazama barabara. Wazazi walimjua, walimu walimjua, na hakuna mtoto aliyeanza kidato cha kwanza bila kusimamishwa mbele yake apimwe mabega. Chumba kile ndicho kilichowalisha miaka ambayo watu walikuwa hawana friji za kuharibika. Kengele alilijua hilo, ingawa hakupenda kukumbushwa.

Alimpata mke, lakini maneno yake hakuyapata. Hilo ndilo lililomla. Nyumbani mama huyu alikuwa na maneno ya kutosha nyumba tu: maji yamekatika, chumvi imekwisha, viatu vya binti vimembana. Ile sauti iliyowatoa wapishi jikoni aliiacha wapi? Kengele alidhani anajua. Alidhani aliiacha kwa Kiranja.

Jioni moja walikuwa mezani, binti yao akifanya kazi yake ya shule upande wa pili wa taa, simu ya mama ikatetemeka. Akasoma. Akacheka kidogo kupitia puani, kicheko ambacho mumewe hakuwa amekisikia tangu sijui lini, kisha akailaza simu kifudifudi.

Kengele akauliza kuna nini.

"Ah, Kiranja huyo na maneno yake," alisema mke wake, akaendelea kula.

Kengele akaisukuma sahani yake. Kwa nini ailaze kifudifudi? Kwa nini acheke kupitia puani na si kupitia mdomoni kama watu? Aliinuka, akaenda msalani na simu yake, akafungua kundi. Kiranja alikuwa ameandika habari ndefu ya mifereji ya maji machafu na jinsi alivyoipigania barazani. Chini yake mke wa Kengele ameandika: "Mheshimiwa, hoja yako ya pili inapingana na ya kwanza." Na Kiranja amejibu: "Msemaji wangu wa pili hajazeeka!" Msemaji wangu. Kengele akalisoma neno hilo wangu mara kadhaa, kama mtu anayeonja maziwa kujua yameharibika au la. Kisha akatuma kengele. Ilikuwa ya pili kwa Kiranja.

Kama angemuuliza mkewe, angejua jambo ambalo mwanamke huyo hakuwahi kumwambia mtu, pengine hata nafsi yake. Hakumpenda Kiranja. Alikuwa akimwonea kijicho. Kila aliposoma hotuba zake alihisi moto kifuani, kwa kuwa alijua zimeshonwa vibaya, mishono inaonekana, na bado watu wanazipigia makofi. Hoja hizo angezisema yeye vizuri zaidi akiwa amelala. Lakini yule alipewa jukwaa na yeye akapewa cherehani, na usiku anapozima taa alijiuliza ni nani aliyegawa. Kicheko kile cha puani kilikuwa cha uchungu. Mumewe alikisikia kama mapenzi, maana mwenye wivu husikia kile alichokwisha kukiogopa.

*

Ujumbe wa tatu uliingia asubuhi, Kengele akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja mmoja mgomvi. Mteja alikuwa amesimama juu yake akieleza kwamba fundi aliyepita alikuwa mwizi na kwamba mafundi wote ni ndugu. Kengele alikuwa ameuma bisibisi menoni, hawezi kujibu. Simu ikatetemeka. Akaitoa kwa mkono uliojaa grisi.

Ulikuwa mrefu, kama kawaida ya mtu huyo. Simu ilionyesha mistari ya mwanzo tu, na chini yake maneno "soma zaidi". Mistari yenyewe ilisema hivi: "Ndugu zangu wa shule moja, najua Kengele atanipigia, lakini leo lazima niseme. Na msemaji wangu wa pili, uko wapi? Zamani hukuwa mtu wa kunyamaza. Nakuhitaji wewe kuliko wote..."

Nakuhitaji wewe kuliko wote. Mbele ya watu wote wale! Mteja alikuwa bado anaongea. Kengele hakubonyeza "soma zaidi". Kuna nini cha kusoma zaidi? Alituma kengele ya tatu, akaufuta ujumbe, akamtoa Kiranja kundini, na vidole vyake viliacha alama nyeusi juu ya kioo. Kisha akarudi kwenye kompresa akiwa mwepesi wa moyo, hata akamwambia yule mteja mgomvi kwamba ni kweli, mafundi wengi ni wezi.

Kundini watu walimpongeza. Yule waliyemwita Mhasibu, mwanamke mpole anayefanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji, aliandika tu: "Mbona mapema hivyo, Kengele? Nilikuwa bado nasoma." Lakini wengine walikwisha kutuma vidole gumba, na mmoja alisema sasa tumepumua. Pongezi zikaizamisha sauti ya Mhasibu.

Mke wake alikuwa na sare za darasa zima za kumaliza, na kazi ikiwa nyingi simu yake hulala ndani ya droo pamoja na vifungo. Alipoifungua jioni alikuta maneno "ujumbe huu umefutwa na msimamizi". Akamuuliza mumewe ulisema nini.

"Siasa tu," Kengele alijibu.

"Siasa ipi?"

"Kura. Si unamjua."

Hakuwa anajua kwamba anadanganya. Alikuwa amekadiria tu. Mke wake alimtazama kidogo, akafungua mdomo kama mwenye neno, kisha akaukunja uzi aliokuwa nao kidoleni na kuuliza kama maji yamerudi.

*

Wiki zikapita. Siku moja mshonaji alisikia mtu anasugua ukuta wake kwa nje. Alitoka na tepu ya kupimia shingoni, akamkuta kijana mwenye kofia ngumu na kopo la rangi nyekundu, amekwisha kuchora alama ya kuvunjwa ukutani. Pembeni alisimama ofisa wa halmashauri, amevaa viatu safi, anachagua pa kukanyaga.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Upande huu wa uwanja umetolewa kwa ajili ya maegesho ya magari ya jengo jipya la maduka. Vyumba vyote vya ukutani vinaondoka. Mkutano wa kusikiliza pingamizi ulifanyika, na muda wa pingamizi umefungwa.

"Mkutano upi?" aliuliza mshonaji. "Nani alitwambia?"

"Ilibandikwa ubaoni, mama. Na diwani alisema ataziita jumuiya zote, hata nyinyi mliosoma hapa. Tuliwapangia viti." Ofisa akatazama viatu vyake. "Walikuja watu wa jengo na wanasheria wao. Viti vyenu vilikaa vitupu."

Mshonaji alikwenda kwa mwalimu mkuu mpya, akiwa bado na tepu shingoni. Mwalimu mkuu alisema alipata barua, ndiyo, lakini yeye ni mtumishi, na shule si mahali pa siasa. Alilisema hilo kwa adabu sana, huku akimfungulia mlango wa kutokea.

Ndipo alipoitoa simu drooni, akaandika kundini: kuna aliyesikia habari za uwanja wetu? Kukawa kimya. Kisha Mhasibu akampigia, sauti chini kama mtu aliye msibani.

"Dada yangu, ule ujumbe uliofutwa ndio ulikuwa huo. Niliusoma nusu. Alikuwa anatuita tujae ukumbini, na alitaka wewe uzungumze kwa niaba yetu." Akaongeza: "Nilidhani umeshajua. Mnalala nyumba moja na admini."

Hilo la mwisho lilimvua nguo. Kupoteza chumba ni msiba, watu watakuja kukupa pole. Lakini kuwa mwanamke ambaye watu wote wanadhani anajua yaliyomo nyumbani mwake, kumbe hajui, hilo hakuna anayekuja kukupa pole. Alirudi kwenye cherehani, akamalizia pindo la sketi ya mtoto wa watu, maana alikuwa ameahidi.

*

Kengele alipoingia nyumbani alikuta mezani hakuna sahani. Binti ametumwa kwa shangazi yake. Mke ameketi, mikono juu ya meza, mitupu, na mikono ya mshonaji ikiwa mitupu ni jambo la kutisha.

"Ule ujumbe wa Kiranja ulikuwa na habari gani?" aliuliza.

"Nilishakwambia, mama watoto. Kura."

"Uliusoma?"

Kengele akavua kofia. Angeweza kusema ndiyo, na neno lilikuwa limefika ulimini. Lakini aliona macho ya mkewe, akajua kwamba swali hili ni la yule msichana wa bwaloni, yule aliyekuwa akiuliza lile tu analolijua jibu lake.

"Sikuusoma wote."

"Kwa nini?"

"Sheria ni sheria. Hata angekuwa nani..."

"Kwa nini, Kengele?"

Tangu waoane hakuwa amemwita hivyo. Miaka yote ya ndoa alikuwa baba watoto, au mume wangu, au bwana wee. Jina lile la utani kutoka kinywani mwake lilimpiga mtu huyo kuliko kofi. Basi akasema. Alisema yote, na yalitoka vibaya, kama maji ya bomba lililokaa siku nyingi: kicheko cha puani, simu iliyolazwa kifudifudi, msemaji wangu, nakuhitaji. Alisema kwamba anajua yeye ni fundi friji tu, hana maneno. Alisema anajua mkewe alimtaka yule tangu zamani, na kwamba yeye alipata makombo.

Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza.

"Mimi sikumtaka Kiranja," alisema. "Nilitaka nafasi yake. Unasikia? Nilikuwa bora kuliko yeye, na mpaka leo ni bora kuliko yeye, na nashona vifungo. Ndiyo maana nacheka. Ungeniuliza ningekwambia."

Kengele akaizungusha kofia mikononi.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, na sikukuona." Sauti yake ikakwaruza. "Zamani ulikuwa unaniongezea muda. Ulidhani sijui? Niliiona ile saa, nikawa nasema, kuna mtu mmoja hapa anataka niendelee. Ndiye niliyeolewa naye. Sasa wewe ndiwe wa kunifungia mdomo?"

Aliinuka akaenda kumchukua binti kwa shangazi. Kengele alibaki na meza isiyo na sahani.

*

Ofisini kwa diwani alisubirishwa kwenye benchi pamoja na watu waliokuja kuomba barua za utambulisho. Aliyekuja nyuma yake akaingia mbele yake, na mwingine, na mwingine. Katibu alimuuliza tena jina lake, na aliposema lile la kwenye kitambulisho halikumsaidia. Mwishowe akasema mwambie ni Kengele. Mlango ukafunguliwa papo hapo.

"Mzee wa mlango!" alisema Kiranja, akicheka, tumbo likicheka naye. "Umekuja kunitoa na hapa?"

Kengele alisema alichokwenda kusema: alifuta bila kusoma, amekosa, na kama kuna njia yoyote mheshimiwa aifungue. Kiranja alisikiliza huku akiligonga gonga friji dogo lililokuwa kando ya meza yake, ambalo lilinguruma kama mtu mwenye mafua.

"Muda umekwisha, ndugu yangu. Baraza limepiga kura. Niliona mmenitoa, nikasema basi, wenyewe hawautaki uwanja wao. Mtu mmoja hapigi kelele za watu mia." Kisha akasema, "Hebu kwa vile uko hapa. Hili friji lina nini?"

Kengele akapiga magoti. Angefanya nini? Mikono ilikwenda yenyewe mpaka kwenye raba ya mlango, akaona imelegea, baridi yote inatoka. Juu yake Kiranja alikuwa amepata raha ya kukumbuka shule. Alimkumbusha ule mdahalo wa viranja kuchaguliwa kwa kura, jinsi yeye mwenyewe alivyomwambia mwalimu wa nidhamu: kama sisi ni wadogo mno kuchagua, mbona si wadogo mno kuchapwa na mliowachagua? Bwalo zima lilisimama. "Siku ile ndipo nilipojua kwamba mimi ni mtu wa siasa," alisema.

"Aliyesema hayo ni mke wangu," alisema Kengele kutoka sakafuni.

"Mke wako yupi?"

"Msemaji wako wa pili."

Kiranja alikunja uso kwa kutafuta. Alitafuta kweli, hakuwa anaigiza. "Si alikuwa yule dada wa kwaya? Unajua mimi kila mtu wa mdahalo namwita msemaji wangu wa pili. Ukimwita mtu jina la zamani, anakuja. Ndiyo siasa yenyewe, Kengele." Akacheka tena. "Sasa huyo mkeo anafanya kazi gani?"

Miaka ishirini na zaidi Kengele alikuwa akimwonea wivu mtu ambaye hakumjua hata mwanamke mwenyewe. Angepaswa kufurahi, lakini alijikuta na hasira mpya, ya upande wa pili kabisa: alimkasirikia mwanamume huyu kwa kutomkumbuka. Msichana aliyewatoa wapishi jikoni, mtu anawezaje kumsahau? Alisimama, akapangusa magoti.

"Raba imekufa," alisema. "Tafuta fundi."

*

Alimweleza mkewe jioni ile ile, bila kupunguza. Alifika mahali pa yule dada wa kwaya akasita, maana aliona atamwumiza, lakini alikwisha kujifunza gharama ya kumfichia.

"Na ile hoja yangu anaitumia?"

"Anasema ndiyo iliyomfanya mtu wa siasa."

"Hata kunikumbuka hanikumbuki," alisema, na akalia, kidogo tu, akijipangusa kwa pindo la gauni. Kengele hakumgusa. Hakujua kama ruhusa hiyo bado anayo.

Kesho yake aliandika kundini: "Nilifuta tangazo la uwanja bila kulisoma. Nilifanya kwa wivu, si kwa sheria. Usimamizi naurudisha." Kundi likalipuka. Wapo waliosema yaliyopita si ndwele, na siasa ziendelee kukaa nje, maana wameona zilivyovunja urafiki na kuharibu msiba. Yule ambaye mama yake alizikwa bila rafiki yake ndiye aliyesema hivyo kwa ukali zaidi, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Wapo waliosema watu wazima hawawekewi kengele. Walibishana mchana kutwa kuhusu kubishana. Mwisho akaandika mshonaji: "Uwanja wetu haukukatwa na mpira wala na kwaya. Umekatwa na siasa, na sisi tulikaa kimya kwa adabu nzuri. Matusi tuyafukuze. Hoja tuziache." Mhasibu akasema huyo ndiye awe msimamizi. Vidole gumba vikafuata mpaka simu ikapata moto.

Chumba kilivunjwa hata hivyo. Hoja nzuri iliyochelewa haizuii tingatinga. Wanafunzi walisimama kwenye uwanja uliobaki wakitazama, na mshonaji alibeba mwenyewe kioo cha wateja kujitazamia, hakumruhusu mtu amsaidie.

*

Cherehani ikahamia karakana nyuma ya soko, kati ya friji mbili zilizosubiri vipuri. Wazazi wengine waliifuata huko, wengine hawakuipata, na mapato yakawa ya kuokoteza. Mke na mume walifanya kazi migongo ikikaribia kugusana. Mke alizungumza na mumewe, ndiyo, lakini yale yale ya chumvi na maji, tena kwa kipimo. Simu yake sasa ililala juu ya meza, uso juu. Alikuwa anaandika sana. Walikuwa wanapanga kwenda barazani kudai nusu iliyobaki ya uwanja isiguswe, na Kiranja, aliyerudishwa, alipewa na msimamizi mpya masahihisho ya hotuba yake mbele ya watu wote. Mke wa Kengele alikuwa akicheka, kwa mdomo sasa, na kila alipocheka wivu ulimchoma Kengele pale pale pa zamani. Kujua kwamba ni upuuzi hakukuuondoa. Alipiga magoti nyuma ya friji za watu, akakaa na wivu wake.

Alasiri moja mkewe alicheka, kisha akaacha kuandika. Akageuka kwenye kiti.

"Baba watoto," alisema. "Wengine wanataka twende kortini, wengine wanataka twende barazani tena. Mimi nimeshasema langu. Wewe unaonaje?"

Kengele alitoa kichwa nyuma ya friji. Alitazama mlangoni kama kuna mtu mwingine aliyeulizwa. Tangu utoto wake alikuwa amepima maneno ya watu, akayaanzisha na kuyakata, na hakuna aliyewahi kumuuliza yake. Akaitafuta hoja ndani yake kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Mimi nafikiri..." alisema, akakwama. Akatazama ukutani ilipo saa. Ilikuwa tabia tu.

Mke wake akauondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

"Usiitazame hiyo. Sema, nakusikiliza."

Na Kengele, bisibisi mkononi, akaanza.